Nani Angemwambia Mehnga?

Kwetu Kot Bahadra, ukimwona Mehnga kinyozi anakuja juu ya baiskeli anapiga kengele, hata kama njia ni tupu, ulijua kuna harusi. Watoto walimkimbilia. Lakini ukimwona ameshuka, anaikokota baiskeli kwa mkono, kilemba amekilegeza kimemwangukia mabegani, hapo wanawake walianza kulia kabla hajafungua kinywa. Hawajajua bado ni nani aliyekufa. Wamejua tu kwamba habari imefika mtaani na inatembea kwa miguu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu na chake vinatazamana, kati yetu umepita mfereji mwembamba ambao mbuzi wanauruka na wazee wanauzunguka. Nimeketi mbele ya mtu huyu tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi, kwa hiyo niacheni nimsimulie polepole, kwa mwendo wake mwenyewe.

Kinyozi wa kijiji, huku Punjab, si mtu wa nywele tu. Mehnga ndiye aliyetutahiri karibu sote, na mpaka leo akishika wembe kuna watu wazima wenye wajukuu wanaokaa vizuri kwenye kiti. Yeye ndiye aliyepika wali wa harusi katika masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani. Lakini kazi yake kubwa, aliyoirithi kwa baba na babu, ilikuwa kubeba maneno. Harusi haikuwa harusi kwa kutuma kadi. Ulikuwa hujaalikwa mpaka kinyozi wa nyumba ile asimame mlangoni pako, akutaje kwa jina la baba yako, aseme siku, nawe umtilie sukari guru katika ncha ya kilemba chake. Na msiba vivyo hivyo. Malipo yake yalikuwa ngano wakati wa mavuno, kila nyumba kwa kadiri yake, na hakuna aliyeona kwamba anampa sadaka.

"Kifo hakimwagwi kama maji ya kunawia," aliniambia siku moja, ananoa wembe. "Unakimimina kidogo kidogo."

Na ndivyo alivyofanya kwa mama yake Tufail, kijana aliyelaliwa na trekta njiani kwenda kiwanda cha sukari. Mehnga alifika pale kwa yule mama, akasema Tufail ameumia, twende. Walipofika kwenye mashamba ya miwa akasema ameumia vibaya. Kwenye daraja la mfereji mkubwa akasema, "Mama, muombee." Mama akamwangalia, asiulize. Walipofika mahali palipojaa watu alikuwa ameshajua, na miguu yake ikamshika. Hakuanguka. Mwenyewe alituambia baadaye: "Mehnga alinifikisha."

Sasa huyu Mehnga alikuwa na dada, Bakhto, mkubwa wake. Mama yao alifariki Mehnga angali anatambaa, na Bakhto, naye mtoto, akambeba kiunoni mpaka alipokuwa mzito kuliko yeye. Alipokua akaozwa Thatha Jhamra, ng'ambo ya mfereji mkubwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli. Basi safari zote za Mehnga zikawa zinapitia Thatha Jhamra, hata kama anayealikwa anakaa upande wa pili wa dunia. Chodri, mwenye ardhi yetu, alikuwa akimtania mbele za watu:

"Wewe Mehnga, nikikutuma Lahore utapitia kwa dada yako. Nikikupeleka Makka utapitia kwa dada yako!"

"Chodri Sahib, Makka ni mbali. Lazima mtu ale kwanza."

Na kweli alikula. Bakhto alimwekea mkate wa mahindi, mboga ya haradali, na siagi juu yake kubwa kama ngumi ya mtoto. Yeye akimpa ile sukari guru ya mialiko, wanakaa kwenye kitanda cha kamba wanasengenya vijiji vyote vya pande hizo.

Huku kwetu mwanamke aliyeolewa, hata awe nyanya wa ukoo mzima katika nyumba ya mumewe, sanda yake hutoka kwao alikozaliwa. Kaka ndiye huileta. Akifika na sanda mkononi, wanawake humpisha, naye humwangalia dada yake usoni kwa mara ya mwisho, na hapo ndipo uso unafunikwa. Mwanamke aliyezikwa kwa sanda ya dukani kwa wakwe zake, watu husema alikuwa hana kwao.

Bakhto alikuwa akimkumbusha Mehnga jambo hilo kwa mzaha, kama wazee wanavyofanyia mzaha lile wanaloliogopa.

"Umebeba vifo vya watu wote, wewe. Changu usikikose. Niletee sanda, unitazame, ndipo wanifunike."

"Nitakufa mimi kwanza, dada."

"Thubutu! Nani ataninyolea wajukuu?"

Halafu simu zikaingia.

Sitaki mdhani kwamba kulitokea ugomvi. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyesema Mehnga aache kazi. Khuram, mtoto wa Chodri, aliunda kundi katika simu, akatuingiza kijiji kizima, na harusi yake mwenyewe akaitangaza humo, na picha ya waridi linalofumba na kufumbua. Kila mtu akajibu papo hapo isipokuwa shangazi yake, Nawab Bibi, aliyekaa kijiji cha tatu. Huyu alikataa kata kata.

"Nimeitwa kwa mlio, kama kuku?" akawaambia waliompigia kumbembeleza. "Kwani kinyozi wenu amekufa?"

Ikabidi Mehnga apande baiskeli. Akasimama mlangoni pake, akamtaja kwa jina la baba yake, na Nawab Bibi akaja harusini amekaa kwenye gari kama jaji. Tulicheka sana. Tukadhani mambo yamebaki palepale.

Harusi iliyofuata, Nawab Bibi alikuwa na simu yake mwenyewe, anatutumia sote maua kila alfajiri.

Basi ikawa hivyo. Nyumba hii leo, ile kesho. Misiba ilichelewa kidogo, maana watu walikuwa na haya. Wakaanza kwa kupiga simu, kisha wakaandika, kisha wakaweka alama ya mikono inayoomba. Hata kipaza sauti cha msikiti kikaacha kutangaza misiba ya vijiji vingine, kwa sababu imamu naye yumo kundini, anaandika dua yake humo humo. Karamu zikapikwa na watu wa mjini wanaokuja na viti vyao. Vijana wakaenda kunyolewa sokoni kwenye saluni za vioo. Sajjad, mtoto pekee wa Mehnga, akahamia Karachi kunyoa watu katika saluni yenye kiyoyozi. Na wakati wa mavuno wanawake wakaanza kumwuliza kwa upole, kapu likiwa nusu: "Mehnga, siku hizi unatufanyia nini hasa?"

"Nawaombea mwote ndevu," alijibu. Wakacheka, wakamwongezea konzi moja.

Lililomuuma halikuwa ngano. Lilikuwa lile nisiloliona mimi mpaka aliponiambia. Safari zilipokwisha, njia ya kupitia Thatha Jhamra ikafa. Zamani alikuwa anatumwa, na mkononi ana sukari guru na peremende za watu. Sasa angekwenda kama nani? Kaka haingii nyumba ya dada yake mikono mitupu; wake za watoto wa dada wanaiangalia hiyo mikono. Kwa hiyo kila mwezi alisema, "Nitakwenda nikipata kitu cha kushika." Na mwezi ukapita.

"Nunua simu," nilimwambia. "Utamsikia sauti."

"Bakhto nimsikie sauti bila kula mkate wake? Ataniona nimemfanya redio." Kisha akasema, kwa sauti ya chini: "Na simu nikiwa nayo, fundi, nitamwambia nani nini? Kila mtu ameshajua."

Siku ile mimi nilikuwa mjini kununua uzi na vifungo. Haya nayasimulia kama nilivyoyasikia kwa waliokuwapo, na mengine kwake mwenyewe.

Bakhto alifariki baada ya swala ya alfajiri, kimya, mkono chini ya shavu. Mtoto wake Tanvir akaandika katika kundi la ukoo. Kutoka hapo habari ikarukia kundi la Kot Bahadra, na kabla ya chai kumalizika kijiji kizima kilikuwa kimesoma. Mehnga alikuwa ametoka mapema kwenda shambani kwa mzee Inayat, aliyepooza, ambaye yeye Mehnga humnyoa pale pale kitandani. Kibanda chake kimefungwa.

Watu wakakiona kimefungwa. Wakasema, "Ameshatangulia."

Msiwalaumu upesi. Tangu dunia iumbwe Kot Bahadra haijapata kusikia habari ya kifo kabla ya kinyozi wake. Ni kama kumwambia mwadhini kwamba kumekucha. Wanaume wakakodi gari, wakajaa, wakaenda maziko. Haji Rafaqat, mwenye duka la vitambaa, naye akafunga duka akaenda; alidhani Mehnga amechukua sanda kwa mtoto wake alfajiri. Mtoto alidhani amechukua kwa baba.

Huko shambani, mke wa mtoto wa mzee Inayat, anaitwa Kausar, alisoma simu jikoni. Akachungulia uani. Mehnga anapaka sabuni kidevu cha mzee, anampigia hadithi. Kausar alinieleza mwenyewe, na analia kila akilieleza:

"Nilidhani anamalizia kazi ndipo aende. Nikasema moyoni, mtu huyu ana kifua. Nani angemwambia Mehnga? Ningeanzaje? Nikamwongezea sukari kwenye chai, basi."

Mehnga akaionja chai. "Mbona leo tamu hivi, binti? Kuna posa?"

Kausar akarudi jikoni.

Adhuhuri ilipokaribia akafika kijijini. Barabara tupu, hata wazee wavuta kiko cha maji wa kwa Chodri hawapo. Kizingitini kwake mwenyewe alikuwa amekaa Mai Hajran, bibi asiyeona vizuri, anachambua dengu kwa vidole. Akamtambua kwa mlio wa mnyororo.

"Mehnga? Umerudi mapema. Wamekwisha kumzika?"

"Nani, Mai?"

Mai Hajran akaacha dengu.

"Nani, Mai?"

"Ewe Mola wangu," akasema bibi. "Mimi kipofu ndiye niliyebakishiwa hili?"

Hakuwa na daraja wala shamba la miwa la kumpitisha kidogo kidogo. Akasema tu: "Bakhto, mwanangu. Tangu alfajiri."

Mehnga akashika usukani wa baiskeli, akauachia, akaushika tena. Mai Hajran akamwambia, "Panda uende. Panda sasa hivi, utamkuta!" Naye akasema neno ambalo mtu wa mahali pengine angeliona wazimu:

"Mikono mitupu, Mai? Nikasimame mlangoni bila sanda?"

Akaenda kwa Haji Rafaqat. Kufuli. Akagonga nyuma. Wanawake wakamwambia kupitia ukuta kwamba mtoto kaenda na funguo. Basi akageuza baiskeli kuelekea sokoni kwenye njia panda, upande ambao Thatha Jhamra haiko, kila mzunguko wa gurudumu ukimtoa kwa dada yake. Alikuta duka moja linafunguliwa baada ya swala, akangoja mlangoni. Akataka kitambaa cheupe cha pamba. Muuzaji, anayependa maneno, akamwuliza ni cha kanzu? Mehnga akasema, "Kata."

Laiti angepanda moja kwa moja. Kila mtu hapa ameshasema hivyo, nami nimesema. Lakini mimi ndimi ninayekata nguo za watu hawa, nawajua. Ningekuwa mimi, ningekwenda kutafuta sanda kwanza.

Kule Thatha Jhamra walimngoja. Bakhto alikuwa ameshaoshwa, amelazwa uani kwenye kitanda cha kamba, uso wazi. Wanawake wakisema, "Kaka yake yuko njiani, msimfunike." Adhuhuri ikaswaliwa. Gari la Kot Bahadra likafika; watu wakaangaza macho kumtafuta Mehnga, na hao waliofika wakaangaza macho kumtafuta Mehnga, kila upande ukidhani yuko kwa mwenzake. Imamu akasema maiti hacheleweshwi. Tanvir akaomba kidogo. Akaomba kidogo tena. Alasiri ilipoingia akamtuma mtu dukani.

Mehnga alifika wanaume wakirudi kutoka makaburini, wengine bado wanapangusa udongo viganjani. Alikuja na kitambaa kifuani, kimefungwa kwa kamba ya katani. Watu wa Kot Bahadra waliokuwa mbele wakasimama. Haji Rafaqat aliangalia ile kamba, isiyo ya duka lake, na wanasema alikaa chini pale pale njiani.

Tanvir alikuja na hasira ya mtu aliyelia siku nzima.

"Sasa, mjomba? Sasa? Mama tumemweka uso wazi mpaka alasiri! Wamekaa wanamfukuzia inzi, wanasema kaka anakuja!"

"Sikujua."

"Hukujua nini? Ujumbe umefika. Ona, mimi nimeona umesomwa."

"Nani aliusoma?"

"Kot Bahadra nzima, mjomba!"

"Na nani aliyenijia?"

Tanvir akageuka. Akawaangalia wale wanaume mmoja mmoja, nao kila mmoja akamwangalia jirani yake. Hasira ikamtoka usoni, ikabaki sura ya mtoto.

"Nani angekujia wewe, mjomba?" akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukienda."

Walimwingiza ndani, wakamkalisha kwenye kitanda kile kile, ambacho kamba zake zilikuwa bado mbichi kwa maji ya kuoshea. Hakuna aliyejua kile kitambaa kiwekwe wapi. Wake za watoto wa Bakhto, wale wa kuangalia mikono, mmoja wao alikipokea kwa mikono miwili, kama kinavyopokelewa, kisha akabaki amesimama nacho.

Ndipo Tanvir akakumbuka. Asubuhi ndugu yake aliyeko Maskati aliomba amwone mama, naye akampigia picha ya uso.

"Mjomba, ninayo. Ninayo picha. Tazama."

Akaichomoa simu. Mehnga akainama. Alikuwa hajaziona nywele za dada yake zimekuwa nyeupe kiasi kile. Uso ulikuwa mdogo, ukubwa wa sanduku la kiberiti, pamba puani, na ukingo wa mtandio wa kichwani ulikuwa umepandana vibaya juu ya sikio, pengine kwa mikono ya wanawake wenye haraka. Mehnga aliuangalia muda mrefu. Kisha, mtu ambaye maisha yake yote ameshika vichwa vya watu, akanyoosha kidole auweke sawa ule ukingo.

Bakhto akateleza akaondoka. Mahali pake pakatokea nyati wa maziwa, mweusi, amesimama kwenye tope, amewekewa alama ya kuuzwa.

Mehnga akakitoa kidole haraka kama aliyeungua.

"Kaenda wapi? Tanvir, kaenda wapi? Mrudishe."

"Yupo, mjomba, yupo, hajaenda popote." Tanvir akasukuma kwa kidole gumba. Lakini kidole kilikuwa kimelowa machozi, na kioo hakikutii. Akakipangusa kwenye kanzu, akasukuma tena, akaja nyati mwingine, akaja mtoto na keki.

"Nimrudishe vipi," akasema Mehnga, "nilimgusa tu."

Alikaa huko mpaka hitma ya siku ya tatu. Aliporudi watu walikuja kumpa pole, wakatandika mikeka mbele ya kibanda chake, na kila aliyekuja alisema lile lile: tulidhani unajua. Naye alimjibu kila mmoja, "Ndiyo, ndugu yangu, ndiyo," kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kwa wafiwa, mpaka waliokuja kumfariji wakaondoka wamefarijiwa.

Sasa anayo simu. Tanvir alimpa ya kwake ya zamani, akafuta vyote, akaacha picha moja, ili pasiwe na mahali pa kutelezea. Mehnga hapigi wala hapigiwi. Yumo katika kundi la kijiji, Khuram alimwingiza siku hiyo hiyo, lakini hajui kusoma na hajauliza limeandikwa nini.

Baadhi ya siku, kazi ikiwa haipo, huvuka mfereji akaniletea.

"Fundi, nifungulie."

Naacha cherehani, namfungulia, nakiweka kioo juu ya meza kati ya mikasi na chaki. Yeye huinama kuangalia. Na wakati wote anapoangalia, mikono yake ameiweka nyuma mgongoni, ameikamata mmoja kwa mwingine, asije akamgusa.